Mfungo wa Kwaresima Miongoni mwa Wakonzo wa Kasese na Bwera

Tangu Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola nchini Kenya na miili zaidi ya 400 kutolewa, ya watu wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wao wajinyime chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu, Mkristo anayefunga hutazamwa kwa jicho la mashaka. Magharibi mwa Uganda mashaka hayo ni ya zamani zaidi, kwani Kanungu, ambako mamia ya waumini wa kundi lililojitenga na Kanisa Katoliki waliteketea Machi 2000, iko kusini mwa Kasese, na waumini hao nao walikuwa wamezoeshwa kufunga kupita kiasi. Juu ya mashaka huongezwa kebehi ya watu wa mijini, wanaouliza mkulima anayekula mlo mmoja kwa siku ana nini cha kujinyima. Wanaosema hayo hawajaona namna mfungo ulivyokuwa ukifanyika kwa Wakonzo, yaani wakulima wa miteremko ya milima ya Rwenzori wilayani Kasese, ambao wengi wao ni Wakatoliki, Waanglikana na Waadventista.

Kwaresima, kipindi cha siku 40 za toba kabla ya Pasaka bila kuhesabu Jumapili, huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati mvua za kwanza zinaponyesha, maharage yanapandwa na akiba ya msimu uliopita inaelekea kwisha. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 haidai mengi: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajaingia mwaka wake wa 60 hula mlo kamili mmoja tu, na kila aliyetimiza miaka 14 huacha nyama siku hizo na Ijumaa nyingine. Milimani, hata hivyo, wazee waliongeza juu ya sheria hiyo. Walifunga kila Ijumaa ya Kwaresima, wakapanda shambani na jembe asubuhi bila kutia kitu tumboni, wakalima mteremko ambao hata aliyeshiba huushuka magoti yakitetemeka, na hawakuonja chochote mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Mlo wa kufungulia ulikuwa bundu, ugali wa unga wa muhogo unaosongwa mpaka ukavutika, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa kwenye kinu na kuchemshwa kwa muda mrefu, yakatiwa chumvi ya Katwe na, kwa aliyejaliwa, mawese yaliyovushwa kutoka Kongo. Unga ambao ungesongwa mchana haukurudishwa kwenye kapu, bali ulipimwa kwa kibakuli na kupelekwa kwa mjane, kwa mgonjwa au kanisani, na hapo ndipo lilipo jibu la kebehi ile, kwa sababu mwenye kidogo ndiye anayejua hasa uzito wa kibakuli kimoja. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anaufungamanisha mfungo na kumgawia mwenye njaa chakula, na wazee hao, ambao baadhi yao hawakujua kusoma, waliitimiza sura hiyo kuliko wengi wanaoihubiri.

Sharti la kuacha nyama halihitaji maneno mengi. Huko Bwera, Ijumaa ni siku ya soko la Mpondwe mpakani mwa Kongo, ambako harufu ya nyama choma humjaribu kila mpita njia, lakini anayeikwepa nyama hiyo akanunua samaki mnono aina ya ngege wa Ziwa Edward kwa bei kubwa zaidi ameitii sheria bila kujinyima lolote. Waadventista na Walokole, yaani wafuasi wa uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930, wana taratibu zao.

Jambo ambalo wageni hawalioni, na ambalo sasa linapotea, ni kwamba mfungo huo ulikuwa wa watu wanaojuana. Katekista, yaani mlei anayefundisha dini kijijini padri asipokuwepo, aliijua kila nyumba, akamkataza mama anayenyonyesha asifunge, akamwamuru mzee mwenye vidonda vya tumbo anywe uji. Tena mteremkoni moshi wa jiko la jirani huonekana, na nyumba iliyokosa moshi jioni mbili mfululizo ilibishiwa hodi. Ulinzi wa namna hiyo haukuwepo Shakahola, ambako watu walitolewa kwao na kupelekwa msituni wasikoonwa na ndugu.

Siku hizi mfungo unatangazwa redioni na kwenye simu. Mhubiri asiyejulikana anaagiza siku tatu za mfungo mkavu, yaani bila chakula wala maji, au siku 21 kwa kumwiga Danieli, ingawa Danieli mwenyewe aliacha tu chakula kitamu, nyama na divai. Kinachoombwa ni kazi, viza au mume, na mlo ulioachwa haumfikii mjane, kwa kuwa badala yake hutumwa sadaka kwa simu kwenye namba ya mhubiri. Kijana wa mjini Kasese anaweza kumaliza siku hizo peke yake katika chumba cha kupanga, akiwatangazia marafiki zake kwenye WhatsApp kwamba amefunga, ilhali Mathayo sura ya 6 inamtaka anawe uso asijulikane. Wanaotaka serikali iupige mfungo marufuku wanakosea shabaha, na maaskofu wanaonyamaza nao hawana udhuru, maana makatekista bado wapo vijijini, na hakuna redio inayoweza kujua ni nani kati ya wasikilizaji wake aliyemeza dawa asubuhi na anapaswa kula.