Kwa Nini Sakitu Huunguza Malisho Mengine na Kuacha Mengine



Mwezi wa Januari na Februari, mvua zikishakatika, mifugo mingi ya Laikipia hupandishwa kuelekea Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya kutafuta majani. Huko juu ubichi upo na maji yapo. Lakini usiku mbingu huwa safi, upepo umetulia, na joto lote la ardhi hupanda likapotelea angani. Kukipambazuka nyasi zimefunikwa na kitu cheupe kama unga. Hiyo ndiyo sakitu, wengine huiita jalidi. Ukipita hapo saa nne asubuhi utaona matete yamekuwa meusi kama yaliyochemshwa, hatua mia moja mbele nyasi ya kikuyu imeungua ncha tu, na shamba la oti halina hata alama.

Ukiwa na mifugo yenye njaa, kujua jani lipi limekufa na lipi limepona si kazi ya wataalamu peke yao. Kuna jani moja kati ya hayo ambalo likipigwa na sakitu linaweza kuangusha ng'ombe kabla hujapata mtu wa kukusaidia. Ni jani la mtama. Ili uelewe kwa nini, ingia nami kwanza ndani ya jani lenyewe.

Kinachotokea ndani ya jani

Jani limejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Kila seli ina maji ndani, na imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Sakitu ikiingia, barafu haianzii ndani ya seli. Huanzia nje, katika nafasi zilizo kati ya seli na seli, kwa sababu maji ya hapo ni mepesi, hayana sukari wala chumvi nyingi. Barafu hiyo ikishakaa, huyavuta maji yaliyo ndani ya seli, nayo seli husinyaa kama kiriba cha ngozi kilichoachwa juani. Kwa hiyo jani lililopigwa na sakitu kwa kweli hufa kwa kiu. Jua likitoka barafu huyeyuka, lakini utando umeshapasuka, maji ya ndani yanamwagika ovyo, na jani linalegea na kuwa jeusi.

Mmea unaostahimili baridi hujikinga kwa njia kubwa mbili. Njia ya kwanza ni sukari. Baridi inapoanza, mmea huo hupunguza kukua na kuweka akiba ya sukari ndani ya seli zake, pamoja na vitu vingine vinavyoshika maji. Maji yenye sukari nyingi hayagandi upesi, tena hayavutwi nje kwa urahisi. Ndiyo maana oti na nyasi za rai zikipitia baridi huwa tamu, na ng'ombe huzipenda zaidi.

Njia ya pili ni mafuta ya ule utando. Unajua mafuta ya mkia wa kondoo: asubuhi ya baridi hukuta yameganda kama nta, huku mafuta ya alizeti yaliyo kwenye chupa kando yake bado yanamiminika. Utando wa seli nao uko hivyo. Mimea ya joto ina utando wenye mafuta yanayoganda upesi, na utando ukikakamaa huanza kuvuja hata kabla barafu haijatokea. Mimea ya baridi hubadilisha mafuta yake yakawa kama yale ya chupa, utando ukabaki laini.

Sasa, ni nani anayeuamuru mmea kufanya hayo? Ni jeni, yaani yale maagizo ambayo kila kiumbe hurithi kutoka kwa wazazi wake, kama vile ndama anavyorithi rangi na pembe. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walieleza jeni inayoitwa CBF katika mmea mdogo wa jamii ya kabichi na sukuma wiki. Kazi ya jeni hii ni kama ya mtu anayepiga baragumu manyatani. Mmea ukihisi baridi, baragumu hulia ndani ya dakika kumi na tano hivi, na jeni nyingine nyingi huamka kila moja na kazi yake: hii sukari, ile mafuta ya utando, nyingine protini za kuikinga seli. Ngano na shayiri zina jeni za aina hiyo nyingi, zimepangana pamoja. Hata mahindi na mtama wanazo za jamii hiyo, lakini baragumu peke yake halitoshi kama wanaoitwa ni wachache.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa nyanda za juu za ikweta. Katika nchi za Ulaya baridi huja polepole, wiki baada ya wiki, na mimea hupata muda wa kujikaza. Kwetu mchana ni jua kali na usiku ni sakitu, siku hiyohiyo moja. Mmea haupewi onyo. Juu kabisa Mlima Kenya, ile mimea mirefu yenye kichwa cha majani makubwa kama kabichi hulitatua jambo hili kwa namna yake: kila jioni hukunja majani yake kuzunguka kichipukizi, ikayafungua tena asubuhi. Matete hayajui ujanja huo.

Nyasi za jua na nyasi za baridi

Matete, Boma Rhodes, mahindi na mtama ni jamaa moja kwa namna wanavyotengeneza chakula. Kwenye jua kali na joto hawana mpinzani, na hutumia maji kidogo. Lakini joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, kazi yao hupungua sana. Likishuka zaidi usiku kisha jua kali likachomoza asubuhi, jani hupokea mwanga lisioweza kuutumia, na mwanga huo huliharibu. Ndiyo sababu wakati mwingine unaona matete ya njano au meupe ingawa sakitu haikuanguka.

Nyasi ya kikuyu ni ya jamii hiyo ya jua, lakini ni mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Majani yake huungua, lakini vishina vyake vinavyotambaa chini hubaki hai na kuchipua tena. Oti, rai na ngano ni za jamii ya baridi. Hukua polepole lakini hazisimami. Kwa mtu anayekaa mahali penye sakitu kila mwaka, mimi nasema robo ekari ya oti ina faida kuliko ekari nzima ya matete yanayokufa kila Januari.

Kumbuka pia kuwa hewa baridi ni nzito. Hutiririka kama maji na kukaa bondeni. Panda matete mteremkoni, na asubuhi ya sakitu lisha kwanza mteremkoni. Bonde liache mpaka jua lilikaushe.

Mtama: mmea wenye vyumba viwili

Mtama ni mmea wetu wa Afrika. Katika milima ya Ethiopia, Rwanda na Kigezi, Uganda, watu wameupanda kizazi baada ya kizazi mahali penye baridi, wakichagua mbegu ya ule uliozaa. Mtama wa nchi za chini ukipata baridi wakati suke linajijenga, chavua yake hufa na suke hutoka tupu. Huu wa milimani huzaa. Wafugaji wa mbegu wa Mexico walichukua jeni hizo za milima yetu kuboresha mtama wao wa nyanda za juu. Hapa Kenya aina za E1291 na E6518 zilitolewa kwa ajili ya nyanda za juu, na wengi wamezipanda kwa malisho. Ni aina nzuri. Lakini kustahimili ubaridi si kustahimili sakitu, na aina hizi ni mtama kama mtama mwingine kwa jambo ninalolieleza sasa.

Ndani ya majani yake mtama huweka dawa ya kujikinga na wadudu, iitwayo dhurini. Ikiwa peke yake haina madhara. Katika chumba kingine cha jani kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Maadamu jani ni zima, viwili hivi havikutani. Jani likipasuka, kwa meno au kwa sakitu, vinachanganyika na kutoa sianidi, sumu inayozuia mwili kutumia hewa. Mnyama anapumua lakini mwili wake unakosa hewa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huathirika upesi kwa sababu vijidudu vya tumbo lao kubwa navyo huivunja dhurini.

Dhurini huwa nyingi zaidi katika majani machanga na machipukizi, na huongezeka mmea ukipata ukame au ukitiwa mbolea nyingi ya naitrojeni. Hivyo hatari kubwa iko hapa: shamba la mtama lililovunwa, likapigwa na ukame, kisha likachipua, halafu sakitu ikaanguka. Mwenye shamba anakukaribisha kwa nia njema ulishe mabaki. Mifugo imetembea siku mbili na ina njaa, inakula haraka. Mwili unaweza kuiondoa sianidi kidogo kidogo, lakini hauwezi ikija yote kwa mara moja. Nyasi ya Kolambasi, ambayo ni ndugu wa mtama, ina hatari hiyohiyo.

Kwa hiyo baada ya sakitu usiingize mifugo kwenye mtama kwa siku saba angalau, mpaka majani yaliyoungua yakauke kabisa. Yakitoka machipukizi mapya chini, ngoja yafike sentimita 75, yaani katikati ya paja la mtu mzima. Kabla ya kuingia, walishe kwanza nyasi kavu. Kukata mtama mbichi kwa mashine na kuupeleka zizini hakuondoi sumu. Kuukausha vizuri ukawa hei hupunguza sana, na sileji pia, ukiiacha wiki nne au zaidi kabla ya kufungua. Punje kavu zilizokomaa hazina shida hii.

Usichanganye sumu hii na ile ya naitreti. Mizizi huvuta naitreti kutoka ardhini, na majani huigeuza kuwa protini kwa nguvu ya jua. Baridi na mawingu vikisimamisha kazi ya majani, naitreti hujaa sehemu ya chini ya shina, hasa kwenye oti na mtama uliotiwa mbolea. Hii haiondoki kwa kukausha. Hei yake ina sumu vilevile.

Ukiona mnyama amepatwa

Sianidi: mnyama anapumua haraka, anatoa mate, anayumba na kuanguka, fizi zake ni nyekundu mno na damu ni nyekundu ya kung'aa. Naitreti: fizi na damu huwa kahawia. Ondoa kundi zima shambani bila kulikimbiza, kisha piga simu kwa daktari wa mifugo na umweleze walikula nini na damu ina rangi gani, maana dawa za sumu hizi mbili ni tofauti na zote hudungwa kwenye mshipa. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala dawa yoyote mnyama anayehema au aliyelala, itaingia mapafuni.

Akifa, usimpasue na usile nyama yake kabla ya afisa kufika. Kifo cha ghafla kinaweza kuwa kimeta, na ukiona damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, usimguse, na uwazuie watoto na mbwa. Wakati unangoja, ng'oa mashina machache ya mmea waliokula, pamoja na machipukizi yake, uyafunge katika mfuko usiopitisha hewa na uyaweke kivulini ili afisa ayachukue.