Chuma Huzuia Upanga, Si Mtikisiko: Sayansi ya Kofia Inayolinda Ubongo

Kofia ya chuma ya mtindo wa askari wa Ulaya ya zama za kati, hasa kati ya karne ya 12 na ya 15, ingali inafuliwa kwa mkono hadi leo, tena si kwa ajili ya makumbusho pekee, bali kwa ajili ya watu wanaoivaa na kupigana katika michezo inayoigiza vita vya kale. Nchini Marekani, chama kiitwacho Society for Creative Anachronism, kilichoanzishwa mwaka 1966 mjini Berkeley, California, huwapambanisha wanachama wake kwa fimbo nzito za henzirani badala ya panga, ilhali mashindano ya Battle of the Nations, yaliyoanza nchini Ukraine mwaka 2010, yametumia silaha za chuma zilizotolewa makali lakini zilizobaki na uzito wake. Kwa kuwa pigo la silaha hizo ni pigo halisi, kofia inayofuliwa vibaya humuumiza mtu mara moja.

Elimu iliyomo ndani ya kofia hiyo inawahusu pia wakazi wa Ipagala, kata ya Jiji la Dodoma ambako, kama ilivyo katika kata nyingine za jiji hili linalojengwa kwa kasi, fundi wa kuchomelea mageti na dereva wa bodaboda ni watu wanaoonekana kila siku. Fundi huyo anaijua tabia ya chuma chini ya nyundo kuliko wasomi wengi, na dereva huyo anamiliki helmeti ambayo mara nyingi huonekana ikining'inia kwenye usukani badala ya kukaa kichwani. Kinachokosekana kati yao ni maelezo ya namna chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi huamini kwamba ugumu wa nje ndio unaookoa, na imani hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani kilo 1.3 hadi 1.4, ni laini sana, nao umezungukwa na ugiligili, yaani majimaji safi yanayouwezesha kukaa ndani ya fuvu bila kuulemea mfupa. Kichwa kinapopigwa, madhara ya aina mbili yanaweza kutokea, na kila moja huhitaji kinga yake. La kwanza ni la mahali pamoja: ngozi kukatika, mfupa kupasuka au kubonyea ndani, na mshipa wa damu uliopita chini ya mfupa huo kuchanika. La pili ni la ubongo mzima, na hutokea fuvu linaposukumwa au kusimamishwa ghafla huku ubongo ukiendelea na mwendo wake wa awali, hivyo ukajigonga kwenye ukuta wa fuvu na kuvutika ndani kwa ndani. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford, A. H. S. Holbourn, alionyesha kwamba mzunguko wa ghafla wa kichwa ndio hatari zaidi kwa ubongo, kwa kuwa tishu laini hustahimili kugandamizwa kuliko inavyostahimili kupindwa, na nyuzi ndefu za seli za neva huvutika kama kamba zisizo na ulegevu.

Ushahidi wa madhara ya aina ya kwanza ni wa zamani. Mwaka 1996, huko Yorkshire nchini Uingereza, lilifukuliwa kaburi la pamoja la askari waliouawa katika vita vya Towton vya mwaka 1461, na mafuvu yao yalikutwa na majeraha mengi mno kwa kulinganisha na mifupa mingine, jambo ambalo watafiti wanalihusisha na askari hao kuvua au kupoteza kofia zao walipokuwa wakikimbia. Kwa upanga na shoka, basi, chuma kilikuwa jibu sahihi.

Fundi anayefua kofia ya aina hiyo huanza na bati bapa la chuma. Kanuni za chama cha Marekani kilichotajwa zinataka unene usiopungua takribani milimita 1.6, unaojulikana kwa mafundi kama geji 16, na mtu anayelijua bati la paa la geji 28, ambalo unene wake ni karibu milimita 0.4, anaweza kudhani kwamba tofauti ni ya mara nne tu. Katika uhandisi, hata hivyo, uwezo wa bati kukataa kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake, kwa hiyo bati lililo nene mara nne ni gumu kupinda mara 64. Umbo nalo huongeza nguvu, kwani kuba hutawanya kani ya pigo pembeni na kulifanya liteleze badala ya kutua lote mahali pamoja. Ndiyo maana basineti, kofia yenye kilele kilichochongoka iliyoenea sana katika karne ya 14, ilichukua nafasi ya kofia za awali zenye utosi bapa.

Kulipata kuba hilo ndiko kunakomtambulisha fundi hodari. Njia ya haraka ni kulilaza bati juu ya gogo lililochimbwa shimo na kuligonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kutoka ndani, lakini chuma hakitoki popote: kila linapozidi kubonyea, bati huvutika na kuwa jembamba, na sehemu inayovutika zaidi ni utosi, palepale pigo linapotarajiwa kutua. Njia ya pili, iliyo ndefu na ngumu, ni kuligonga bati kutoka nje juu ya fuawe ndogo yenye mgongo wa duara, kwa miduara inayoanzia karibu na katikati na kushuka ukingoni, ili chuma kijikusanye badala ya kuvutika, na utosi ubaki na unene wake. Katika njia zote mbili, bati linalogongwa likiwa baridi huzidi kuwa gumu kwa sababu mpangilio wa fuwele zake huvurugika, na likiachwa hivyo hatimaye hupasuka; fundi humaliza tatizo hilo kwa kulipasha moto mpaka liwe jekundu na kuliacha lipoe polepole, kisha akaendelea. Anayeruka hatua hiyo ili kuwahi kazi anauza kofia yenye nyufa zisizoonekana.

Ugumu wa mwisho hutegemea kaboni. Chuma laini cha kawaida, kile cha mageti, kina kaboni ya chini ya asilimia 0.25 na hakiwezi kukazwa sana kwa maji, lakini feleji yenye kaboni ya karibu asilimia 0.5 ikipashwa moto hadi wekundu ulioiva na kuzimishwa ghafla huwa ngumu kupindukia na yenye kuvunjika, hivyo hupashwa tena kwa joto la chini ili ipunguze ukavu huo. Ufundi wa aina hii si wa Ulaya peke yake. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma chenye kaboni katika tanuri zao za udongo, na kwamba jadi ya uyeyushaji huko ina karibu miaka 2,000. Wilayani Kondoa, ndani ya mkoa wa Dodoma wenyewe, mabaki ya mavi ya chuma yanathibitisha kwamba wahunzi walikuwapo muda mrefu kabla ya chuma cha viwandani kuletwa. Historia hiyo inastahili kufundishwa kwa vijana wa vyuo vya ufundi kwa uzito uleule wanaofundishiwa kuchomelea.

Hata hivyo, kofia iliyofuliwa kwa ustadi wote huo, ikivaliwa bila kitu ndani, huuhamisha mshtuko karibu wote hadi kwenye fuvu. Mashujaa wa kale walilijua hilo kwa uzoefu, wakawa wanashona ndani ya kofia kitambaa cha kitani kilichojazwa pamba au manyoya, kikiacha nafasi kati ya chuma na utosi. Hesabu rahisi inaeleza sababu. Kichwa kinachoanguka kutoka kimo cha mita 1.5 hufika chini kikiwa na kasi ya takribani mita 5.4 kwa sekunde, na kasi hiyo lazima iishe katika umbali fulani. Ikiisha ndani ya milimita 2, kama inavyoweza kuwa mfupa unapokutana na lami, mchapuko wa wastani unaokipata kichwa ni karibu mara 750 ya ule wa mvutano wa dunia. Ikiisha ndani ya milimita 25 za povu linalobonyea, hushuka hadi karibu mara 60. Chuma hakikubadilisha chochote katika hesabu hiyo. Kilichookoa ni umbali wa kusimama, na umbali huo umo ndani ya kofia.

Uzito nao una mchango usio sawa kwa kila hatari. Kofia ya mapigano huweza kufikia kilo 4 au zaidi, karibu sawa na kichwa chenyewe, na upanga wenye uzito wa kilo 1.5 unapoigonga hukuta mzigo ulioongezeka karibu maradufu, hivyo kichwa husukumwa kwa kasi ndogo zaidi. Mtu anapoanguka mwenyewe, faida hiyo hutoweka, kwa sababu uzito wa kofia unaanguka pamoja naye na kuilemea shingo. Kofia ya upanga, kwa hiyo, haifai kwa pikipiki, na helmeti ya pikipiki haifai kwa upanga: ya kwanza huhitaji mto unaorudi katika hali yake baada ya kila pigo, na ya pili huhitaji povu linalokubali kufa mara moja.

Helmeti ya kisasa ilizaliwa kutokana na kifo. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence alikufa kwa jeraha la kichwa baada ya ajali ya pikipiki, na Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo aliyekuwa miongoni mwa madaktari walioitwa kumhudumia, alichapisha mwaka 1941 uchunguzi kuhusu waendesha pikipiki wa jeshi, jambo lililochangia wanajeshi hao kulazimishwa kuvaa kofia. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa mwaka 2008 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Tabaka linalofanya kazi hiyo ni polistirini, povu jeupe gumu linalofanana na lile linalofungia televisheni mpya, ambalo vijitundu vyake hupasuka na kula nishati ya pigo. Likishabonyea halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa bila mkwaruzo, na helmeti isiyo na povu hilo, yenye sponji laini ya kufinya kwa vidole tu, haina cha kubonyea polepole. Ukanda wa kidevu usiofungwa huifanya helmeti itoke kabla kichwa hakijafika chini.

Fundi wa kuchomelea aliyetajwa mwanzoni naye ana afya ya kulinda, kama dereva alivyo na kichwa cha kulinda. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe ambao, saa chache baadaye, huleta homa, baridi, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Dalili hizo huisha kwa siku moja au mbili na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, ilhali kipimo cha malaria hakioni chochote. Maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa yakiaminiwa kuondoa sumu huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni, kwa hiyo kinga ni kukwangua zinki kabla ya kuchomelea, kufanya kazi mahali penye upepo na kuvaa barakoa inayochuja moshi. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa.

Mtu aliyepigwa kichwani, awe mchezaji wa panga au abiria wa bodaboda, huenda akasimama na kuzungumza vizuri huku mshipa uliochanika ukivuja polepole kati ya fuvu na ubongo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja au degedege ni dalili za kumfikisha mara moja hospitali yenye kipimo cha CT, ambayo kwa wakazi wa Dodoma ni pamoja na Hospitali ya Benjamin Mkapa, hata kama ajali ilitokea asubuhi na dalili zimeanza jioni.