Montalcino: Mji wa kilimani uliotajirika kwa kulinda jina la mvinyo wake

Miaka ya 1960, vijana wa Montalcino nchini Italia walikuwa wakifunga mizigo na kwenda kutafuta kazi viwandani. Mji ulikuwa maskini na mashamba yalibaki bila watu. Leo wageni kutoka pande zote za dunia wanaupanda mlima huohuo kwenda kuonja mvinyo mwekundu uitwao Brunello. Udongo haukubadilika. Ni nini basi kilichobadilika?

Mji uko wapi?

Montalcino uko katika jimbo la Toscana, katikati ya Italia, kilomita zipatazo 40 kusini mwa mji wa Siena. Umejengwa juu ya kilima chenye urefu wa zaidi ya mita 560 kutoka usawa wa bahari. Chini yake, kila upande, kuna safu za mizabibu na mizeituni.

Watu wa kale hawakupanda juu kwa ajili ya kutazama mandhari. Juu ya kilima adui anaonekana angali mbali. Tena, tambarare za pwani ya Toscana zilisumbuliwa na malaria kwa karne nyingi, hivyo miinuko ilikuwa salama zaidi.

Ngome kubwa ya mawe ambayo mgeni huiona kwanza ilianza kujengwa mwaka 1361, wakati Siena ilipoutawala mji huo. Siena yenyewe iliposalimu amri mwaka 1555 baada ya kuzingirwa, familia nyingi zilikimbilia Montalcino na kuendeleza serikali yao humo kwa miaka 4. Mwaka 1559 mji uliingia chini ya watawala wa Florence.

Kwa nini mji uliochakaa?

Kwa karne nyingi wakulima wa Toscana hawakuwa na ardhi yao. Walilima kwa mkataba wa nusu kwa nusu: mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, mkulima na familia yake walitoa nguvu, na mavuno yakagawanywa. Mwaka 1964 sheria ya Italia ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Lakini wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuchoka na kuhamia mijini.

Kilichobaki ni mvinyo uliokuwa ukijulikana na watu wachache tu. Katika karne ya 19, mwanamji mmoja aitwaye Clemente Santi alianza kutengeneza mvinyo bora kwa zabibu za mahali hapo. Mjukuu wake, Ferruccio Biondi Santi, aliendelea mbele zaidi. Wakati huo watengenezaji wengi wa Toscana walichanganya zabibu za aina mbalimbali, hata nyeupe, ili mvinyo uweze kunywewa mapema. Yeye alitumia aina moja tu, Sangiovese, akauacha mvinyo ukae miaka mingi kwenye mapipa ya mwaloni. Chupa zake za mwaka 1888 ndizo zinazohesabiwa kuwa mwanzo wa Brunello tunaoujua leo.

Kanuni zinasemaje?

Mwaka 1966 serikali ya Italia iliandika kanuni za Brunello katika sheria. Mwaka uliofuata wazalishaji waliunda chama chao cha kuzilinda. Wakati huo mashamba ya mvinyo huo hayakufika hekta 100. Leo yanazidi hekta 2,000. Mwaka 1980 Brunello uliingia katika daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, na tangu hapo kila chupa hubandikwa utepe wa serikali wenye namba yake.

Kanuni zenyewe ni kali:

- Zabibu ziwe za Sangiovese peke yake, na zilimwe ndani ya mipaka ya Montalcino.
- Hekta moja isitoe zaidi ya tani 8 za zabibu. Mzabibu ukibebeshwa matunda mengi, ladha hupungua.
- Mvinyo ukae kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 2, kisha kwenye chupa si chini ya miezi 4.
- Usiuzwe kabla ya Januari ya mwaka wa 5 baada ya mavuno. Zabibu zilizovunwa mwaka 2020 zilianza kuuzwa kama Brunello Januari 2025.

Kwa mkulima, kanuni hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Amelipa vibarua, amenunua mapipa, na fedha haziingii. Ndiyo maana miaka ya 1980 ilitolewa ruhusa rasmi ya mvinyo wa pili, Rosso di Montalcino, unaotokana na zabibu hizohizo lakini unaweza kuuzwa kuanzia Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Huo huleta fedha za matumizi wakati Brunello ungali pipani.

Jina lilipotikisika

Mwaka 2008 waendesha mashtaka wa Siena walianza kuchunguza madai kwamba baadhi ya wazalishaji walikuwa wakichanganya zabibu nyingine. Mvinyo mwingi ulizuiliwa maghalani. Marekani, mnunuzi mkubwa, ilitaka uthibitisho wa usafi kabla ya mzigo kuingia.

Wapo waliosema ni afadhali kulegeza kanuni na kuruhusu mchanganyiko kidogo. Oktoba mwaka huohuo wanachama walipiga kura. Wengi, kwa tofauti kubwa, waliamua kanuni ibaki kama ilivyo. Hesabu yao ilikuwa rahisi kueleza: mvinyo mwekundu unaweza kutengenezwa popote, lakini Brunello unatoka hapo tu. Jina likiharibika, hata asiyefanya kosa anapata hasara.

Mgeni ataona nini?

Ndani ya mji barabara ni nyembamba, na nyingine ni za ngazi. Penye uwanja mdogo wa kati kuna jengo la zamani la utawala lenye mnara mwembamba. Kwenye ukuta wake kumebandikwa vigae vya mavuno ya kila mwaka tangu 1992. Kwa miaka mingi vigae hivyo viliandikwa pia nyota ambazo wazalishaji wenyewe waliyapa mavuno yao, 5 zikiwa za juu kabisa. Mwaka 2002, uliokuwa na mvua nyingi, ulipata nyota 2 tu, nao umewekwa hadharani pamoja na miaka mizuri.

Asiyetumia pombe naye ana ya kutazama. Montalcino unajulikana pia kwa asali na mafuta ya zeituni, na mwendo mfupi kwa gari upande wa kusini kuna kanisa la mawe la Sant'Antimo, la karne ya 12. Eneo hilo ni sehemu ya bonde la Orcia, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004.

Utajiri huo una gharama zake. Bei ya ardhi imepanda kiasi kwamba kijana asiyerithi shamba ni vigumu kulinunua. Na ukifika Septemba, msimu wa kuchuma zabibu, utakuta wengi walioinama kwenye mizabibu ni wahamiaji. Wamekuja kutafuta kazi, kama vijana wa Montalcino walivyoondoka kwenda kuitafuta kwingine miaka ya 1960.