Kibali kwanza, mpira baadaye

Ukicheza voliboli Lodwar, jua ndilo linakupangia saa. Saa nane mchana hakuna anayegusa mpira. Mazoezi ni alfajiri ama jioni, na jioni upepo nao unaingilia: seta anapaisha mpira huku, mshambuliaji anaukuta kule.

Hiyo mabinti wamezoea. Shida ni barabara. Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapo, kuna kambi ya wakimbizi iliyoanza 1992. Vipaji viko pande zote mbili. Lakini kocha akimchukua mchezaji anayeishi kambini, anapata kazi ambayo hakufundishwa kwenye kozi yoyote: kutafuta kibali. Mkimbizi hasafiri nje ya kambi bila karatasi ya serikali, na karatasi haijui kwamba mechi ni Jumamosi. Ikichelewa, mzuiaji wako bora anabaki Kakuma akifuata matokeo kwa WhatsApp.

Ndio maana mimi, kwenye benchi, namheshimu meneja wa timu kuliko kocha mkuu. Halafu naibu kocha mwanamke. Kuna mzazi hatakubali bintiye alale ugenini na makocha wanaume watupu, na simlaumu.

Rose Nathike Lokonyen alitoka Kakuma akakimbia mita 800 Olimpiki ya Rio 2016. Malkia Strikers wamefika Olimpiki mara nne. Wavu wao ni mita 2.24, sawa na wa Lodwar. Kuruka, hawa wasichana wanaruka. Wanangoja tu kibali kitoke kabla ya Ijumaa.