Zege kweli halilali

Tangu nilipoandika kwamba saruji hubeba takribani asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, simu yangu haijatulia. Wapo waliouliza kama nimetumwa na wauza mbao. Wengi wameuliza swali moja kwa sura tofauti: hii saruji ya siku hizi "iliyochanganywa" si ndiyo feki yenyewe? Na msomaji mmoja ameapa kwamba fundi wake huionja kwa ulimi ili ajue kama ni kali. Mwambie aache. Saruji ikikutana na maji, hata yakiwa mate, inakuwa na pH ya 12 hadi 13. Ukali huohuo ndio unaochubua nyayo za saidia fundi wanaokanyaga zege peku. Wavae gambuti, na likiwarukia wajioshe kwa maji mengi papo hapo, wasisubiri jioni.

Sasa turudi kwenye gesi. Watu wakiona bomba la kiwanda cha saruji hulaumu makaa ya mawe. Makaa yana hatia yake, lakini sehemu kubwa, kama asilimia 60, haitoki kwenye moto. Inatoka kwenye jiwe. Choma kilo 100 za jiwe safi la chokaa: kilo 44 zinapaa kama hewa ukaa, unabaki na 56. Tanuri la kupikia klinka, yale madonge magumu yanayosagwa kuwa saruji, hufika nyuzi 1450 za Selsiasi. Hata ungelipasha kwa jua tupu, zile kilo 44 zingetoka vilevile. Mfuko wa kilo 50 ambao karibu wote ni klinka umekwisha kutoa kama kilo 25 za gesi ya jiwe peke yake, bado hatujahesabu mafuta.

Jambo ambalo mimi sichoki kulitazama ni kwamba gesi hiyo inataka kurudi nyumbani. Wazee wa Pwani waliitumia tabia hiyo karne nyingi kabla Joseph Aspdin wa Leeds hajapewa hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Walichoma matumbawe, wakapata chokaa, wakaizima kwa maji, wakajengea. Chokaa hiyo hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa kidogokidogo mpaka igeuke jiwe tena. Ndiyo iliyoshika mawe ya msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107, na ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ndani ya kuta hizo hakuna nondo, kwa hiyo gesi ikirudi ni faida tupu.

Zege letu lina nondo, na hapo hesabu inageuka. Ule ukali unaochubua nyayo ndio unaokilinda chuma: katika pH ya juu namna ile, nondo hujivika utando mwembamba mno, hauonekani kwa jicho, nao huzuia kutu. Hewa ukaa inapopenya kwenye vitundu vya zege hukutana na chokaa iliyomo, inaigeuza jiwe, na pH inashuka hadi chini ya 9. Utando unaachia. Chuma kinaanza kuliwa na kutu, na kutu hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege linasukumwa kutoka ndani, linapasuka kwa mstari unaofuata nondo, kisha vipande vinadondoka. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Fengming Xi lilikadiria kwamba saruji ya dunia nzima, kati ya 1930 na 2013, ilikwisha kuvuta tena asilimia 43 ya gesi iliyotoka kwenye mawe yake. Kwa anga, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa nguzo ya baraza yako ni ugonjwa uleule ninaoueleza.

Mwendo wa gesi hiyo una kanuni nzuri ambayo kila mwenye nyumba angepaswa kuijua. Hupungua kasi kadiri inavyoingia. Ikiwa imepenya milimita 10 kwa miaka 10, haitafika milimita 20 mwaka wa 20, bali mwaka wa 40. Maana yake, ukiongeza maradufu unene wa zege juu ya nondo umenunua muda mara nne, kwa gharama ya vile vipande vidogo vya saruji ambavyo mafundi huviita biskuti. Nimepita kwenye maeneo mengi ya ujenzi ambako nondo imelazwa juu ya mbao moja kwa moja, biskuti hakuna, na kila mtu anabishana kuhusu chapa ya saruji.

Pwani kuna adui wa pili, chumvi. Yeye hangoji pH ishuke, anautoboa utando hivyohivyo. Mchanga wa ufukweni usiooshwa ni kumkaribisha ndani siku ya kwanza.

Sasa ile "feki". Profesa Karen Scrivener wa chuo cha EPFL, Lausanne, pamoja na wenzake wa Cuba na India, wamefanyia kazi saruji ambayo nusu tu ni klinka. Asilimia 30 ni udongo wa kaolini uliochomwa, 15 ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, 5 ni jasi. Udongo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na kinachotoka ndani yake ni maji, si hewa ukaa. Gesi hupungua kwa hadi asilimia 40. Udongo ule ukishachomwa hukutana na chokaa inayoachwa na klinka, wakazaa gundi ya ziada inayoziba vitundu. Chumvi hukuta njia nyembamba mno, na sehemu yake hunaswa na alumina ya udongo. Yaani saruji inayodharauliwa kwa kuchanganywa inaistahimili bahari kuliko ile "safi". Ghana tayari wanachoma udongo kwa kazi hii Tema. Kaolini ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, inajulikana siku nyingi.

Ila nayo ina udhaifu, nao usifichwe: kwa kuwa chokaa yake ya akiba ni ndogo, hewa ukaa huipenya haraka zaidi, hasa isipomwagiliwa. Na hapa ndipo uvumi unaponichosha. Eti zege "hukauka". Halikauki, linakunywa maji, ndiyo maana hushika hata chini ya bahari. Mafundi wanasema zege halilali, wakimaanisha likishachanganywa limwagwe leo. Hata likimwagwa halilali: klinka huendelea kunywa kwa miezi. Ukilinyima maji siku ya tatu umelikatiza kazi. Ukilizidishia wakati wa kuchanganya, maji yaliyobaki huondoka na kuacha vitundu, jambo ambalo Duff Abrams alilipima Chicago na kulichapisha mwaka 1918. Mfuko mmoja unataka lita 20 hadi 25, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga. Ndoo mbili zilizojaa ni uharibifu, hata kama koleo linateleza vizuri.

Wengine wananitajia Warumi. Kweli, mwaka 2023 watafiti wa MIT walichunguza ukuta wa Privernum, Italia, wakaonyesha kwamba vidonge vyeupe vya chokaa ndani yake huyeyuka maji yakiingia kwenye ufa, kisha huuziba. Lakini kuba la Pantheon halina nondo hata moja. Na wewe unayeuza "dawa ya Kirumi" kwenye madumu yasiyo na lebo, niambie kuna nini ndani. Mafundi wanaotia sabuni ya unga kwenye plasta angalau hawadanganyi: wanataka ilainike, na wanachopata ni mapovu.

Ushauri, upesi. Soma mfuko: 32.5 na 42.5 ni nguvu iliyopimwa baada ya siku 28, herufi P ni majivu ya volkano, L ni jiwe la chokaa, Q ni udongo uliochomwa. Mwagilia siku 7, na kwa saruji iliyochanganywa fika 14. Weka biskuti. Nguzo ikitoa ufa wenye doa la kutu, usiifunike kwa plasta wala kuinywesha dawa ya mtu. Ita mhandisi abandue kipande kipya na kupulizia fenoftaleini. Palipogeuka waridi, chuma bado kimevaa utando wake, labda chumvi iwe imetangulia. Palipobaki kijivu, gesi imeshafika.