Nani Atawachukua Watoto? Si Swali la Usaili

Tangu niandike kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba nilikataa kujibu swali la usaili wa kazi hapa Leicester, Uingereza, naambiwa nina majivuno. Dada mmoja kauliza kama nimesahau shida. Sijasahau. Niliulizwa: "Una watoto? Nani atawachukua shuleni?" Baba wa watoto watatu, niliyekaa naye tukisubiri, alitoka bila kuulizwa.

Sheria ya Usawa ya Uingereza, ya mwaka 2010, inataja mambo 9 yasiyoruhusiwa kutumika kumbagua mtu, yakiwemo umri, ulemavu, rangi na asili, dini, jinsia, ujauzito na ndoa. Swali peke yake huenda lisiwe kosa. Kosa ni kumnyima mtu kazi kwa sababu ya jibu lake. Kuhusu afya, kifungu cha 60 kinamzuia mwajiri kukuuliza kabla hajakupa kazi, isipokuwa kwa sababu chache, mfano kujua utahitaji msaada gani kwenye usaili. Kibali cha kufanya kazi lazima akihakiki, ila awaulize wote, si sisi wenye lafudhi tu.

Watoto hawamo katika yale 9. Inabidi upitie kwenye jinsia: mama kaulizwa, baba hakuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeyataja majukumu ya familia waziwazi. Hapo sisi Watanzania tumewazidi, na nalisema kwa fahari.

Tena shule za huku ndizo zinazotubana. Wanangu hutoka saa tisa na robo, ofisi bado zimejaa watu. Mwalimu husimama mlangoni, na jirani ambaye jina lake halimo kwenye orodha hakabidhiwi mtoto. Ipo klabu ya baada ya masomo, ya kulipia, na nafasi zake hugombewa. Kitindamimba wangu haipendi. Hukaa dirishani na koti lake, begi mgongoni, hataki kuvua mpaka anione getini.   Mambo haya ya kuwachukua watoto niliyapanga kabla sijatuma maombi ya kazi. Msaili hakuwa na haja ya kunipangia.

Ukiulizwa, jibu kwa upole: "Saa za kazi mlizotangaza nitazimudu." Siku hiyohiyo liandike swali neno kwa neno, kisha wapigie Acas, shirika la ushauri wa masuala ya kazi. Ushauri wao ni bure, na muda wa kudai haki una ukomo, kwa hiyo usikawie.