Fimbo ya Marehemu na Swali la Mrithi

Kwetu Bungoma, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi ndiyo siku ya hesabu. Wazee huketi, madeni yakatajwa, ng'ombe waliokopeshwa wakatafutwa walipo, mipaka ya shamba ikakumbushwa, na mavazi ya marehemu yakapewa wanaostahili. Nimehudhuria vikao vingi vya namna hiyo, na sijapata kumsikia mzee akiuliza marehemu alikuwa akicheza nini, na chombo alichochezea kiko wapi. Swali kama hilo lingewachekesha waombolezaji. Lugha yenyewe imekwisha kulitolea hukumu neno hili mchezo. Tukitaka kulisifu jambo zito twasema "si mchezo". Tukitaka kumkemea mtoto twamwambia "usilete mchezo". Basi chombo cha mchezo kitapataje nafasi mbele ya jembe, baiskeli na hatimiliki ya shamba?

Naona hukumu hiyo haikutokana na dharau tupu. Imetokana pia na umaskini wa vitu. Mababu zetu walicheza sana, lakini walichezea vitu visivyodumu. Mpira wa matambara na majani makavu ya mgomba, uliofungwa kwa kamba, hauvuki masika mawili. Mfikirie Elijah Masinde wa Kimilili. Wanafunzi humsoma kama mwasisi wa Dini ya Msambwa na mpinzani wa wakoloni, aliyefariki mwaka 1987. Wachache huambiwa kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwanasoka hodari, aliyeichezea Kenya katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanza mwaka 1926 kati yetu na Uganda. Wachezaji wengi wa Kiafrika wa zama hizo walicheza pekupeku. Mchezaji wa pekupeku huacha nini nyumbani? Huacha masimulizi. Watu wa makamo yangu tulirithi mguu wa Masinde kwa masikio.

Shuleni nako vyombo vilikuwapo, lakini havikuwa vyetu. Friends School Kamusinga kule Bungoma na St Anthony's ya Kitale zimesifika kwa mpira wa magongo, na msomaji aliyepitia shule ya aina hiyo anajua jinsi gongo moja linavyopita mikononi mwa vijana wengi, kutoka kidato cha nne hadi cha kwanza, mpini ukifungwa utepe mpya juu ya utepe wa zamani. Huo ni urithi wa kweli, ingawa hauna hati. Hata hivyo muhula ukiisha, gongo hurudi stoo, na kijana huenda kwao mikono mitupu.

Kisha ikaja puli. Ukisafiri leo kutoka Kitale kuelekea Webuye kupitia Kiminini na Kamukuywa, ni nadra kupita soko lisilo na meza ya sarafu, kitambaa chake kimechakaa, na vijana wameizunguka kama wanaosubiri zamu kisimani. Walimu wenzangu huitaja meza hiyo kwa uchungu, na sina haja ya kuwabishia: wapo wanafunzi wanaoacha hesabu za darasani wakaenda kujifunza hesabu za pembe pale, na pesa za karo zikaliwa na meza. Lakini kiingiacho mjini si haramu, na huyu mgeni si mgeni kama tunavyodhani. Katika karne ya 19 tufe za biliadi zilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika ya Mashariki, zilizosafirishwa kupitia Unguja, zilipendwa kuliko nyingi. Misafara ya Waswahili ilifika kwa Mumia na kuvuka hadi nchi za Mlima Elgon kutafuta pembe hizo. Kwa hiyo ndovu wa mlima wetu walikwishaingia katika mchezo huu kabla hatujaambiwa sheria zake. Huko Marekani, uhaba na ghali ya pembe ndivyo vilivyomsukuma John Wesley Hyatt, katika miaka ya 1860, kutafuta kitu cha kutengenezea tufe badala yake, akazaa seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Walowezi walipokuja na meza zao za biliadi waliziweka ndani ya klabu zao, na Mwafrika akaziona kwa mbali, akiwa amebeba sinia.

Puli ilileta kitu ambacho mpira wa matambara haukuweza kuleta: chombo cha mtu binafsi kinachoweza kumzidi umri. Fimbo nzuri ya puli huchongwa kwa mti mgumu, hufika karibu sentimita 145, na aghalabu hukatwa vipande viwili vinavyoungwa kwa skrubu. Ikitunzwa mbali na unyevu na jua isipinde, hudumu miaka mingi. Fimbo za baa ni za kila mtu, na kwa hiyo si za mtu. Anayekuja na yake ndani ya mfuko wake ametangaza jambo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa magari mjini Kitale, mtu wa maneno machache, mikono yake haikukauka oili siku sita za juma. Jioni alinawa kwa sabuni ya unga hadi viwiko ndipo aiguse fimbo yake. Hakumruhusu yeyote aichezee, hata mimi. Alipofariki tukamzika nyumbani, Bungoma, na siku ya hesabu ilipofika mfuko ule mweusi ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma ya kabati. Jamaa mmoja alipendekeza uuzwe kulipia deni dogo la duka. Mwingine, mcha Mungu, alitaka ichomwe, kwa kuwa ni kitu cha baa. Binamu wa tatu akanyoosha tu mkono kuichukua, kama anayejichukulia kiti.

Shemeji yangu, ambaye kwa Kibukusu namwita mulamwa, alisema sentensi moja: "Hiyo ni yake."

Wasomi wa lugha tuna ugonjwa wa kusikiliza sarufi hata matangani. Hakusema "ilikuwa yake". Kihusishi hiki cha -a katika Kiswahili hakibebi wakati. "Fimbo ya marehemu" haisemi kama marehemu aliimiliki au angali anaimiliki. Inaunganisha tu, ikanyamaza. Kwa sentensi hiyo fupi mjane yule aliukataa mjadala wote wa nani atapewa, kwa sababu kwake yeye kitu kilikuwa bado hakijaachwa. Wanaume kadhaa walidhani anaitamani fimbo. Hawakumsikia.

Sheria, kwa njia yake kavu, ilikuwa upande wake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inasema kwamba mtu akifa bila wasia akaacha mwenzi na watoto, vitu vyake vya matumizi binafsi na vya nyumbani ni vya mwenzi huyo moja kwa moja. Magari hayamo, wala vitu vinavyohusiana na biashara au kazi ya marehemu. (Kama marehemu angekuwa mcheza kamari aliyeishi kwa meza, wakili mjanja angepata pa kushika. Kaka aliishi kwa spana.) Niliyaeleza hayo kikaoni kwa sauti ya chini. Katika nchi ambamo kitenzi kurithi bado hutumiwa kwa mjane mwenyewe, kana kwamba naye ni kiti nyuma ya kabati, si jambo dogo kumkumbusha mtu kwamba mjane ndiye mrithi.

Baadaye nilishauri fimbo itundikwe ukutani, juu ya picha ya harusi. Naipenda Makumbusho ya Kitale, nayo ni zao la wasia: mlowezi Stoneham alianza kukusanya vipepeo, ndege na vitabu, akafungua makumbusho yake mwaka 1926, na alipokufa mwaka 1966 mkusanyo ukawa mali ya taifa, jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Kipepeo hukubali kioo. Shemeji alinitazama kwa huruma akasema fimbo iliyotundikwa hupinda, na kwamba marehemu alikuwa akiilaza juu ya kabati, bapa, kila usiku. Akailaza hivyo.

Ikalala miaka minne. Kijana wao, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu, alikuwa kidato cha tatu babake alipofariki, na mamake alimwekea sharti: haigusi hadi amalize shule na kupata kazi ya mikono yake. Kijana alilitimiza. Sasa yuko Kitale, naye fundi, si wa magari bali wa umeme. Jumamosi huenda na mfuko ule. Anainama juu ya meza bega la kushoto likiwa chini mno, kasoro ambayo hakufundishwa na mtu, maana babake hakupata kumpeleka barazani. Wazee wa meza ile, wakimwona, huacha kuongea.

Ncha ya fimbo ya puli ni kipande kidogo cha ngozi kilichogundishwa kwa gundi, na ngozi huisha. Mwaka jana kijana aliipeleka ikabadilishwe. Tulibishana kidogo kwa simu iwapo itabaki fimbo ile ile, mimi nikitaka kumtajia wanafalsafa, yeye akitaka kujua bei ya ngozi nzuri. Mamake hakuingia katika mabishano. Aliagiza tu aletewe ile ngozi ya zamani. Ililetwa ndani ya karatasi, nyeusi kwa chaki na jasho, ndogo kama punje ya mahindi, naye akaifunga kwenye pindo la leso pamoja na ufunguo wa ghala.